Kumbukumbu ya mradi: punda aliyetuangukia

Mradi huu hatukuupanga. Jirani alihama, alikokwenda hapana nafasi ya mnyama, punda jike wake akabaki kwetu. Mimi mchana kutwa niko kazini, kwa hiyo walezi wake hasa ni binti yangu wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 9.

Chakula na maji

Walianza kwa huruma: mkate, nafaka, chochote kilichobaki mezani. Nimepiga marufuku. Punda ni mnyama wa nchi kame, tumbo lake linataka mabua na nyasi kavu, kidogo kidogo karibu kutwa nzima. Akilishwa vinono hunenepa, na nyama laini iliyo ndani ya kwato huweza kuvimba hadi kutembea kukamshinda. Maji ndiyo kazi inayochosha. Siku ya joto huweza kumaliza lita 20. Mdogo hubeba nusu ndoo na kurudi tena, dada yake anamcheka, lakini hamwagi.

Kamba

Marufuku kupita nyuma yake kimyakimya, na marufuku kabisa kuzungusha kamba mkononi. Punda mzima hufika kilo 180 hivi. Akikurupuka, mkono unakwenda naye.

Daftari

Hapa ndipo watoto walipoanza kunishinda. Punda huficha maumivu. Farasi akiumwa tumbo mara nyingi atagaagaa mkaona wote. Punda huweza kusimama tu, kichwa chini, ukadhani anasinzia. Basi binti akaanzisha daftari: amekula? mavi yakoje? masikio yamesimama au yamelegea?

Asubuhi moja akanijia: "Mama, mabua ya jana yapo vilevile." Mdogo akasema labda ameshiba. Nilimpigia daktari wa mifugo papo hapo, maana punda akisusa chakula, hasa mnene kama wetu, mafuta ya mwilini huingia kwenye damu kwa wingi, ini likaelemewa, na anaweza kufa. Kumbe ni jino la gego. Meno ya punda huendelea kuchomoza huku yakisagika, na kingo zake zikawa kali zikimchoma shavuni. Daktari akazisawazisha kwa tupa. Jioni alikuwa anatafuna.

Kwato

Kila siku binti huzikwangua uchafu kwa ndoano. Miguu ya nyuma naishika mimi. Kuzikata tumemwachia fundi wa kwato, kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Yanayofuata

Paa la banda kwanza, kwa sababu manyoya ya punda hayazuii mvua kama ya farasi. Watoto wanataka punda wa pili, na hoja wanayo: punda peke yake husononeka. Ila hawa huweza kuishi zaidi ya miaka 30, na wakati huo walezi wangu watakuwa na nyumba zao. Nimewaambia tumalize paa, halafu tuzungumze.