Pistoni na konrodi: kabla ya kuuliza zinabeba HP ngapi

Mtu akishaamua kujenga injini ya nguvu swali la kwanza huwa ni "hizi pistoni zinabeba HP ngapi?" na mimi naona hilo swali linakuja mapema mno. HP (nguvu za farasi) 400 za turbo zinazopatikana kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 5500 na HP 400 za injini isiyo na turbo inayozunguka mpaka 8500 zinaumiza vyuma kwa njia tofauti kabisa. Ya turbo inaigandamiza konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikizidi konrodi inapinda. Ya RPM kubwa inaivuta.

Na kuvutwa ndo kunakokata. Wengi wanadhani konrodi hukatika pale mafuta yanapowaka, kumbe pabaya zaidi ni pistoni inapofika juu ikimalizia kutoa moshi, hapo hamna mgandamizo wowote wa kuipunguza kasi, pistoni inataka iendelee kupaa na kinachoirudisha chini ni konrodi na zile bolti zake mbili tu. Halafu huo mvuto unapanda kwa mraba wa RPM, yaani ukitoa injini 6000 ukaipeleka 8000 umeongeza RPM kwa theluthi moja lakini mvuto umepanda karibu asilimia 78! Chukua injini ya 2JZ ya Toyota, stroki (safari ya pistoni kutoka chini mpaka juu) 86 mm, ikiwa RPM 7000 pistoni inakwenda wastani wa mita 20 kwa sekunde na ndani ya kila mzunguko inasimama na kugeuza mara mbili.

Kwa hiyo ubishi wa konrodi ya umbo la H na ya umbo la I mimi siupi uzito sana, zote mbili zikitengenezwa vizuri kwa chuma cha 4340 (aina ya chuma kigumu cha aloi) zinafanya kazi. Naangalia bolti. Bolti nzuri kwenye konrodi ya kawaida inasaidia kuliko konrodi ya kung'aa yenye bolti za hovyo. Na kuzifunga usitegemee torki renchi peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu unayoweka inaishia kwenye msuguano wa nyuzi na kichwa cha bolti, ukibadilisha tu oili uliyopaka namba ileile ya torki inakupa mkazo mwingine. Njia ya uhakika ni geji ya kupima urefu: pima bolti ikiwa haijafungwa, andika, funga, pima tena, uone imevutika kiasi ambacho mtengenezaji amesema. Ukiifungua ikawa imebaki ndefu kuliko mwanzo, hiyo tupa.

Sasa pistoni. Za kumimina zinazokuja na magari mengi zina silikoni nyingi, ngumu lakini zinavunjika kirahisi, injini ikipiga noki (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) kali chini ya turbo kingo za ringi zinameguka. Ndo watu wanahamia za foji, yaani za kufuliwa kwa kugandamizwa badala ya kumiminwa, na hapo kuna aloi mbili kubwa. 4032 ina silikoni kama asilimia 12, haitanuki sana kwa joto, so unaiachia nafasi ndogo kwenye ukuta wa silinda na ikiwa baridi imetulia. 2618 silikoni yake haifiki hata asilimia 1, inavumilia noki na joto vizuri zaidi ila inatanuka, lazima uiachie nafasi kubwa, na asubuhi utaisikia ikigonga mpaka ipate moto. Gari la kila siku lenye turbo ya wastani na tuning safi mimi naweka 4032 bila wasiwasi, mkiniambia 2618 ni bora kwa kila mtu sikubali. Busti (presha ya hewa ya turbo) kubwa au mbio za kweli, hapo ndo 2618.

Kingine, pistoni zifike kwanza ndo bloku iende kuboliwa, yaani silinda zipanuliwe kwa mashine. Fundi anatakiwa apime kila pistoni mkononi, pale kwenye sketi (ubavu wa chini wa pistoni) mtengenezaji alipoonyesha, halafu aboe silinda kuifuata. Na urefu ujumlishe mapema: konrodi, ongeza nusu ya stroki, ongeza kutoka pini mpaka juu ya pistoni, jibu lilingane na kimo cha bloku. Ukiweka konrodi ndefu na pistoni zilezile zitatokeza juu.

Gepu ya ringi, ile nafasi kati ya ncha zake mbili, nayo watu wanaipita haraka. Ingiza ringi ya juu ndani ya silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima gepu kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Silinda ya 86 mm bila turbo ni kama 0.39 mm, yenye turbo kama 0.5 mm, ila fuata karatasi iliyokuja na pistoni. Gepu ikiwa ndogo ringi ikipata moto ncha zinagongana, inakwama, na inaondoka na kingo ya pistoni. Ikizidi kidogo unapoteza mgandamizo kidogo tu. Kwa hiyo ukiwa na shaka kati ya namba mbili, chagua kubwa, na piga tupa ncha moja tu kutoka nje kuingia ndani ili tabaka lililopakwa usoni mwa ringi lisibanduke.