Siku Ile Uliposimama Upande

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii sikulala vizuri. Katika ibada ya nyumbani hapa Busia, Uganda, tuliiombea Ukraine iliyovamiwa na Urusi, kijana mmoja akauliza: tunaombeaje nchi inayopigana kwa mizinga ya Marekani na Ulaya? Amri si inasema usiue?

Nikamfungulia Mwanzo 14. Abramu aliposikia Lutu ametekwa hakutuma salamu za pole. Aliwapa silaha vijana wake 318, akawafuata adui mpaka Dani. Na mfalme wa Sodoma alipomtolea mali, akakataa hata uzi na gidamu ya kiatu. (Hapo nina neno na wakubwa wa dunia: Aprili 2025 Marekani, iliyokuwa imetoa silaha nyingi, ilitia saini mkataba wa madini na Ukraine. Abramu hakwenda kwa ajili ya udongo wa mtu.)

Nikataka kuendelea na serikali yetu. Tarehe 2 Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulipoitaka Urusi iondoe majeshi yake, nchi 141 zilikubali, 5 zikakataa, 35 zikajizuia kupiga kura, Uganda ikiwemo. Nilikwisha kufungua Obadia niikemee, pale nabii anapowakemea Waedomu waliosimama kando wakitazama Yerusalemu ikivamiwa: "Siku ile uliposimama upande... wewe nawe ulikuwa kama mmoja wao." Sauti ikanikatika. Neno lile lilikuwa langu.

Jirani yangu ni mjane. Mwaka jana mtu aling'oa mti wa mpaka wake usiku, akausogeza ndani. Mimi najua ulipokuwa. Niliupanda pamoja na marehemu mumewe. Mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) aliponiita nishuhudie, nilisema sipendi kuingilia ugomvi wa watu, nina watoto wa kulea. Nikaendelea kusalimiana na pande zote mbili, nikajiita mpenda amani. Mama yule alipoteza mistari miwili ya migomba. Tukikutana njiani bado ananiamkia kwa upole, na upole huo ndio unaonichoma.

Ndugu yangu, katika kanisa lako yuko anayevamiwa leo: shamba, mshahara, hata mtoto wake. Unamwambia "nakuombea." Mwombee, kisha nenda ukasimame naye mahali anapoulizwa, useme ulichokiona! Woga tusiubatize jina la amani.

Jumamosi nakwenda kwa mama huyo kuomba radhi, halafu kwa mwenyekiti. Aliyeusogeza mti ana nguvu hapa kijijini, nami hofu bado ninayo. Niombeeni.