Kuku wa mavuno

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo la wiki hii ni Malaki 1:6-14, nami sina budi kuanza kwa kuungama.

Mwaka juzi, usiku wa kuamkia sikukuu ya mavuno, niliingia bandani na tochi kukamata kuku wa kupeleka kanisani. Mkono ukamshika jogoo mwekundu, mzito, ukamwachia. Ukamruka mtetea aliyekuwa akitaga. Ukaishia kwa yule aliyenyonyoka shingo, aliyeacha kutaga tangu kiangazi. Nikamfunga miguu kwa kamba ya katani, nikalala usingizi mzuri tu. Kesho yake mnadani, baada ya ibada, mzee wa kanisa alimwinua juu, akampima mkononi, akasita. Watu wakacheka. Nikacheka nao, wasije wakajua ametoka kwangu.

Watu wa siku za Malaki hawakuwa wameacha kutoa. Hekalu lilishajengwa upya baada ya uhamisho wa Babeli, makuhani wako zamu, moshi unapanda. Ila mnyama aliye madhabahuni ni kipofu, au anachechemea, au anaumwa. Mungu anawaambia: hebu mpelekeeni liwali wenu mnyama huyo, tuone kama atawapokea. (Askofu akitembelea mtaa wetu, sijawahi kuona amechinjiwa kuku aliyenyonyoka.) Kisha anasema neno zito zaidi: heri mmoja wenu angefunga milango, moto usiwashwe bure. Na aya ya 14 inamlaani mdanganyifu aliye na dume kundini mwake, kisha anatoa chenye kilema. Hapo nilimkumbuka jogoo.

Asitishike aliye na kidogo. Torati ilimruhusu asiyeweza mwana-kondoo alete njiwa wawili, na mtoto Yesu alipopelekwa hekaluni, Luka anataja sadaka hiyo ya ndege, sadaka ya maskini. Udogo haukuwa kasoro. Mimi nilikuwa na jogoo.

Kitu kitakatifu katika Maandiko ni kilichotengwa kwa ajili ya Mungu, na kutenga huko hufanyika mapema, nyumbani, kabla mtu hajaoga kwenda ibadani. Ndiyo maana napenda Walawi 27:32-33: mifugo inapita chini ya fimbo, na wa kumi ni wa Bwana, awe mnono awe mkondefu. Mwenye kundi haruhusiwi kuchagua. Nadhani Mungu aliujua mkono ulioshika tochi.

Paulo anaposema tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, takatifu, mimi huifikiria saa yangu ya sala. Alfajiri, akili ikiwa nyeupe, naipa simu. Mungu namwachia saa nne usiku, kitandani, na Baba Yetu yangu mara nyingi hukatikia kwenye mkate wa kila siku. Huyo naye ni kuku aliyenyonyoka, na sijamaliza vita naye.

Mavuno yetu ni Jumapili ijayo. Jogoo yule tulishamla Krismasi, lakini ameacha mwanawe, mwekundu vilevile, anawika hadi majirani wanalalamika. Jana nimemfunga kitambaa mguuni. Nimemfunga mchana, watoto wakiona, maana najijua nikiwa na tochi.