Nilivyochora kibao cha Cooper Black kwa mkono, na zile o mbili zilizonitoa jasho

Kwanza niseme tu, jamaa wa steshenari aliniponza. Nilimfuata nataka herufi za kibao cha shangazi, "mandazi moto", nikamwambia nataka ile fonti nene ya kizamani, iliyoviringana kama mandazi yenyewe. Akaipata, Cooper Black, kumbe ilikuwemo tu kwenye Word. Ila akabonyeza B eti ionekane zaidi! Jamani herufi imeshanona unainenepesha tena, matobo ya a na d yakabaki kama jicho la sindano. Halafu akaivuta ijae karatasi. Nililipa hivyohivyo kwa aibu, elfu 3 sijui 4, kesho yake nikarudi kuprinti upya bila mbwembwe. Na herufi ziache ziwe ndogo, ukiandika zote kubwa fonti hii inakuwa kama inakugombeza.

Projekta ya kumulikia herufi kwenye bati sina, kwa hiyo nikachukua mkaa jikoni nikausugua nyuma ya zile karatasi mpaka mikono ikawa ya fundi gereji, nikazibandika kwenye bati kwa selotepu, nikafuatisha kingo na peni iliyoisha wino. Ukibandua, mchoro wote upo pale. Watoto wa jirani walibaki midomo wazi, na mimi nikazidi kujisikia.

Sasa hapo ndo ujuaji ukanipanda. Nikaweka rula chini ya herufi nione kama zimekaa sawa, wapi, miguu yote imeviringwa na o zinazama kidogo chini ya mstari. Tena zile o za "moto" uwazi wa ndani umelala kushoto, kama mtu anasinzia kwenye daladala. Nikasema karatasi imehama hii. Nikafuta, nikachora o zangu, zimesimama wima kama askari, miguu ya herufi nyingine nikainyoosha na rula, nikapaka rangi siku nzima. Narudi nyuma hatua kumi kutazama, naona tangazo la "usikojoe hapa". Na o zimekuwa ndogo kuliko wenzake, sijui hata kivipi. Shangazi akatoka, akatazama weee, akasema, "Mwanangu, mbona moto imepoa?"

Usiku ndo nikaenda kusoma. Kumbe Oswald Cooper wa Chicago, aliyeichora fonti hii, aliilaza o vile makusudi, na kiwanda cha herufi cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa 1922. Na herufi ya duara lazima ipitilize mstari kidogo, la sivyo jicho linaiona fupi. Miaka mia watu wanaitumia, mpaka easyJet wameandika jina lao nayo kwenye ndege, halafu mimi nakuja kumsahihisha mzee na rula ya shule!

Nikakwangua yote, mkaa tena, safari hii nimefuata kila kilichopo. Tina usizidishe, rangi ikiwa nyepesi inachuruzika inaziba matobo, nilipoteza a moja hivyo. Herufi nazo nilizisogeza zikabanana, inapendeza zikigusana mabega.

Bati lilikuwepo, rangi na brashi sidhani kama zilifika elfu 30, soda za watoto sijahesabu. Sasa shangazi anataka niongeze na bei kwa chini. Nimemwambia bei ataandika mwenyewe kwa chaki, unga ukipanda kila mwezi mimi siwezi kusugua mkaa kila mwezi.