Metformini na goti linalosagika: milimita 11 ni ngapi?

Chora mstari wa sentimita 10. Kushoto kabisa andika "siumwi", kulia kabisa andika "maumivu makali kuliko yote". Weka alama pale goti lako lilipo leo. Kwa mstari kama huo, Chuo Kikuu cha Monash cha Australia kilipima metformini, dawa ya kisukari, kwa watu wenye magoti yaliyosagika, na matokeo yakatoka mwaka 2025 katika jarida la JAMA. Ndiyo asili ya maneno yanayozunguka kwamba kidonge cha sukari kinatibu magoti.

Walikuwa watu 107, wote wenye uzito uliozidi. Kundi moja lilipewa metformini hadi miligramu 2,000 kwa siku, jingine vidonge vya kufanana visivyo na dawa, kwa miezi 6. Kwa waliomeza metformini alama ilishuka milimita 31.3. Kwa wale wengine ilishuka 18.9, na hiyo ndiyo namba ya kukazia macho. Goti huwaka na kupoa, na mtu hutafuta tiba siku limewaka. Likipoa lenyewe, sifa anapewa mganga. Baada ya kusawazisha hesabu, tofauti iliyobaki ni milimita 11.4, yaani sentimita moja na ushee. Si haba, ila hakuna gegedu lililoonyeshwa kuota upya.

Halafu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na kisukari. Kwa hiyo wewe unayemeza metformini miaka yote na goti bado linauma, usijiongezee dozi kwa habari hii.

Anayeanzishwa na daktari huanza na miligramu 500 pamoja na mlo wa jioni, kisha huongezewa 500 kila wiki kadiri tumbo linavyostahimili. Meza katikati ya chakula, tonge chache zikiwa zimetangulia. Wanaoharisha sana mara nyingi ni walioanza na dozi kubwa au waliomeza tumbo likiwa tupu. Kidonge cha aina inayotoa dawa polepole hakipondwi wala kutafunwa. Ukiona ganda lake chooni usishtuke, dawa imeshatoka ndani. Kabla ya yote pima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyochuja: uchujaji wa figo (eGFR) ukiwa chini ya 45 metformini haianzishwi, ukishuka chini ya 30 huachwa kabisa.

Kinachonitia hofu zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Mtu ana sukari, ana presha, anatumia losartani ya presha na kidonge cha kukojoza maji, kisha goti linamsukuma duka la dawa kununua diklofenaki ya wiki mbili bila kuulizwa chochote. Diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio cha figo, losartani hulegeza ule unaotoa, na kidonge cha maji kimeshapunguza maji mwilini. Msukumo ndani ya kichujio unaanguka. Metformini hutoka mwilini kwa njia ya figo tu. Figo zikigoma inarundikana na asidi ya laktiki inaweza kupanda. Kutapika, kupumua kwa kasi, kuishiwa nguvu: hapo ni hospitali, tena siku hiyohiyo. Kwa goti peke yake afadhali jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, gramu 4 mara 4 kwa siku, kwa sababu inayofika kwenye damu ni kidogo. Hata hivyo, mwenye figo dhaifu amuulize daktari kwanza.

Sindano ya steroidi gotini nayo hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Pima mara nyingi zaidi wiki hiyo.

Ganzi ya nyayo baada ya miaka mingi ya metformini isihesabiwe moja kwa moja kuwa ni sukari, maana dawa hii hupunguza vitamini B12. Omba kipimo. Nyayo zenye ganzi na goti bovu huangusha mtu.

Semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito, ina ushahidi mzito zaidi, japo bei yake si ya kila mfuko. Katika utafiti wa mwaka 2024 wa watu 407 wanene wenye magoti yaliyosagika, dozi ya miligramu 2.4 kwa wiki kwa wiki 68 ilipunguza uzito kwa asilimia 13.7, dhidi ya 3.2 kwa wasiopewa. Maumivu yalishuka pointi 41.7 dhidi ya 27.5, katika 100. Kila kilo inayopungua huondoa takriban kilo 4 za mzigo gotini kwa kila hatua. Upande wa pili, dawa nyingine za kisukari kama insulini, glibenklamaidi na pioglitazoni huelekea kuongeza uzito. Mwenye magoti mabovu amkumbushe daktari hilo dawa zinapobadilishwa, asiziache mwenyewe.

Kwa semaglutaidi misuli nayo hupungua, na paja ndilo linalolishika goti. Kaa kitini, nyoosha mguu mpaka unyooke kabisa, hesabu hadi 5, shusha taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Paja likitetemeka endelea. Goti likivimba kesho yake, punguza idadi.