Siku kumi na tisa za skrini ya bluu

Mara ya kwanza ilikuwa Jumatatu, saa nne kasorobo asubuhi, nikiwa katikati ya neno. Kazi yangu ni kutafsiri, na kitenzi nilikuwa nimeshakianza, kiambishi kimekaa, mzizi bado. Kielekezi kikaganda. Skrini nzima ikawa bluu, ukatokea ule uso wa huzuni, na asilimia zikaanza kupanda. Zilipofika mia laptopu ikajiwasha upya, nikafungua faili na kuendelea pale nilipoachia. Nikasema ni bahati mbaya tu.

Jumatano ikarudi mara mbili. Ijumaa mara tatu, moja ikiwa dakika kumi tu baada ya kuwasha. Jioni ile nilikuwa na kurasa arobaini za kukabidhi na mkono wangu ulikuwa haubanduki kwenye kitufe cha kuhifadhi.

Nilifanya anachofanya karibu kila mtu. Jumamosi nikanakili vitu vyangu kwenye diski ya nje, nikapiga Windows upya. Usakinishaji wenyewe uligoma katikati, ukidai kuna faili iliyoharibika. Nikaurudia kwa flashi ileile, ukapita bila neno. Hapo palikuwa na dalili kubwa, nami niliipita kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilitaka kumaliza. Jumatatu iliyofuata, saa tano, bluu.

Nikampigia rafiki yangu ambaye amekuwa akitengeneza kompyuta tangu tukiwa vijana. Nilimweleza kwa kirefu, hasira na kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Pole dada. Sasa, imeandika nini?”

“Nani?”

“Hiyo skrini. Chini kabisa kuna maneno kwa herufi kubwa. Yamesemaje?”

Sikujua. Nilikuwa nimeitazama mara saba na sikuwahi kuisoma.

“Basi chukua daftari,” akasema. “Kila ikianguka andika saa, andika maneno yale yote, andika ulikuwa unafanya nini. Usifute kitu, usipige tena Windows. Ulipopiga ile juzi umefuta ushahidi wote wa wiki nzima.”

Ushahidi aliousema ni huu. Kila Windows inapoanguka hivyo, kwa kawaida huacha faili ndogo ndani ya folda inayoitwa Minidump, iliyo ndani ya folda ya Windows yenyewe. Jina la faili huanza na tarehe. Ndani yake kuna msimbo wa kuanguka, yaani yale maneno ya herufi kubwa, orodha ya draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuendesha vifaa) zilizokuwa zimepakiwa, na kilichokuwa kikiendelea dakika hiyo. Programu ya WinDbg inaisoma: unaifungua faili, unaandika !analyze -v, unasubiri. Anayeona WinDbg ni nzito anaweza kuanza na BlueScreenView, ambayo inapanga faili zote kwenye jedwali moja. Mimi nilianza na hiyo.

Jambo jingine alilonifanyisha siku ileile ni kuizuia mashine isijiwashe upya yenyewe. Kwenye mipangilio ya juu ya mfumo, sehemu ya kuanza na kurejesha, kuna kisanduku cha kuwasha upya kiotomatiki. Ukiondoa alama pale, skrini ya bluu inabaki mbele yako mpaka uizime mwenyewe, na unapata muda wa kuandika. Kwa mashine inayoanguka mara kwa mara, ningeanza na kisanduku hicho kabla ya lingine lolote.

Daftari likaanza kujaa. Jumatatu saa tano: MEMORY_MANAGEMENT. Jumanne asubuhi: PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Jumanne usiku: IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Jumatano MEMORY_MANAGEMENT tena. Ijumaa KERNEL_SECURITY_CHECK_FAILURE, na siku hiyohiyo kivinjari kikajifunga mara mbili bila skrini ya bluu. Kufikia Jumanne ya wiki ya tatu nilikuwa na mistari minane ya bluu na mitatu ya programu zilizojifia zenyewe.

Nilipoanza niliona kila msimbo kama ugonjwa tofauti. Nilisoma kuhusu wa kwanza nikasasisha draiva ya skrini. Nilisoma kuhusu wa tatu nikasasisha draiva ya Wi-Fi. Nikasafisha feni, ingawa joto lilikuwa la kawaida. Nikaendesha sfc /scannow, amri ya Windows ya kukagua faili zake yenyewe, ikasema imepata faili za mfumo zilizoharibika na imezitengeneza. Kesho yake nikaiendesha tena, ikapata nyingine. Kwenye kumbukumbu za matukio, pale Windows inapoandika yaliyotokea, nikaona tukio la Kernel-Power 41 yenye alama nyekundu, nikadhani nimempata mchawi, kumbe tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuzimwa vizuri. Nilikuwa nalijua hilo tayari. Lenye manufaa zaidi ni tukio namba 1001 linaloitwa BugCheck, kwa sababu lenyewe linabeba msimbo.

BlueScreenView nayo ilikuwa ikiniwekea jina moja karibu kila mstari: ntoskrnl.exe. Nikafurahi. Rafiki yangu akanituliza. Hiyo ndiyo kiini cha Windows chenyewe, karibu kila kitu kinapita mkononi mwake, kwa hiyo maiti mara nyingi huokotwa mlangoni kwake. Haina maana kwamba yeye ndiye aliyeua.

Kisha akaniomba nimsomee daftari lote kwa simu, kutoka juu hadi chini, bila kuruka. Nilipomaliza akakaa kimya kidogo.

“Misimbo inabadilika kila mara?”

“Karibu kila mara.”

“Na hakuna draiva moja inayojirudia?”

“Hakuna.”

“Hiyo ni RAM. Ingekuwa draiva, ingelia wimbo mmoja.”

Alinieleza kwa namna ambayo sijaisahau. RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta inaitumia ikiwa kazini, ni mamilioni kwa mamilioni ya vyumba vidogo, kila kimoja kinashika sifuri au moja. Chumba kimoja kikiwa kibovu, kinachotokea kinategemea nani amepangishwa humo saa hiyo. Akiwa ni picha, nukta moja ya rangi inaharibika na huoni kitu. Ikiwa ni kurasa za kivinjari, kivinjari kinajifunga. Ikiwa ni anwani ambayo kiini cha mfumo kinaitegemea, kiini kinakwenda mahali pasipokuwapo, kinagundua mambo si sawa, kinasimamisha kila kitu. Kila wakati mpangaji ni mwingine, ndiyo maana kila wakati maneno ni mengine. Usakinishaji uliogoma ukapita, sfc iliyokuwa ikipata uharibifu mpya kila siku, vyote vikakaa mahali pake kichwani mwangu kwa mara moja.

Kipimo cha kumbukumbu kinachokuja na Windows kilikuwa kimeniambia hakuna tatizo. Nilikuwa nimekiendesha kwa kiwango cha kawaida, na kiwango hicho ni chepesi. Usiku wa Jumatano nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaiwashia mashine kutoka humo, nje ya Windows kabisa, nikaenda kulala. Toleo la bure linazunguka mara nne. Mzunguko wa kwanza ulikuwa safi kabisa. Nilipoamka saa kumi na moja nikakuta mistari mekundu chini ya skrini, yote ikiwa imeanza mzunguko wa tatu, mashine ikiwa imepata joto.

Nilikaa mbele ya mistari ile muda mrefu. Kila mmoja unaonyesha thamani iliyoandikwa kwenye kumbukumbu na thamani iliyosomwa iliporudiwa. Iliandikwa 00000000, ikasomwa 00000400. Mstari unaofuata vilevile, na unaofuata. Namba hizo ni za mfumo wa kumi na sita, ambamo ile 4 ni biti moja tu, yaani chumba kimoja: ileile, iliyokuwa sifuri ikarudi moja. Wiki mbili na nusu za kuhangaika, na chanzo chake kiko pale, tarakimu moja isiyokaa ilipowekwa.

Mashine yangu ina vipande viwili vya RAM vya GB 8. Anwani ya kosa haikutosha kunieleza ni kipi, kwa sababu vipande viwili vinapofanya kazi pamoja anwani hugawanywa kati yao kwa kupishana. Njia ni kupima kimoja kimoja. (Kuna laptopu ambazo RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Hizo hazina cha kuchomoa, na kosa kama langu ni la fundi wa ubao.)

Nikazima, nikachomoa chaja, nikafungua kifuniko cha chini, nikatenganisha waya wa betri kabla ya kugusa chochote, nikashika chuma kidogo kuondoa umeme tuli wa mwilini. Kila kipande kinashikwa na vibanio viwili vya chuma pembeni. Ukivisukuma nje kwa kucha za vidole gumba, kipande kinainuka chenyewe na kusimama kwa mshazari, kama ukurasa unaotaka kufunguka. Ukingoni mna safu ya meno ya rangi ya dhahabu. Yangu yalikuwa na ukungu hafifu. Nikayafuta kwa kitambaa laini chenye alkoholi inayokauka haraka, nikasubiri yakauke, nikavirudisha vyote viwili mpaka vikalia. Wakati mwingine hilo pekee linatosha, na kwa siku moja nilitumaini. Alhamisi usiku mistari mekundu ikarudi.

Ijumaa nikapima kipande cha kwanza peke yake: mizunguko minne, safi. Cha pili peke yake, kwenye tundu lilelile: makosa. Nikakihamishia tundu la pili: makosa. Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha kipande kibovu na tundu bovu. Kosa lilikifuata kipande kile kila kilipokwenda. Nikakiweka mezani, nikafunga kifuniko, nikafanya kazi wikendi yote na GB 8. Polepole, lakini haikuanguka hata mara moja. Baadaye nikanunua kingine cha aina na kasi ileile, nikakipima usiku mzima kabla ya kukiamini na kazi yangu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna sehemu iliyonikosesha usingizi zaidi ya skrini yenyewe, na ndiyo iliyonifanya niandike haya. RAM mbovu haiangushi kompyuta tu. Kila faili unayoihifadhi inapitia humo kwanza. Siku zote zile nilikuwa nikihifadhi, nikinakili, nikifungasha nyaraka za wateja kwenye kumbukumbu iliyokuwa ikibadilisha biti kimyakimya. Skrini ya bluu ilikuwa ndiyo mara chache mfumo ulipogundua na kukataa kuendelea. Zile ambazo haukugundua zilikwenda moja kwa moja kwenye diski.

Kabla sijatoa kipande kile nilikuwa nimeshaonja jambo hilo bila kulielewa. Nilikuwa na furushi la rekodi za sauti lenye GB 12, nikalipima kwa certutil -hashfile, ambayo inatoa alama ndefu ya herufi na tarakimu kwa kila faili. Faili isiyobadilika lazima itoe alama ileile kila mara. Nilipima mara tatu mfululizo, na jibu la pili halikufanana na la kwanza wala la tatu. Nilidhani nimekosea kuandika amri.

Baada ya RAM mpya nikatoa diski ya nje iliyokuwa na nakala za miezi mitatu nyuma, nikalinganisha alama za faili zote za zamani na zile zilizokuwa kwenye mashine. Ilichukua siku mbili. Karibu zote zilikuwa sawa. Nyaraka mbili za kazi zilikuwa zimeharibika, nikazirudisha kutoka kwenye nakala. Ya tatu ni picha ya mama yangu akicheka amegeuza uso pembeni, niliyoihamisha kutoka kwenye simu wiki ileile ya kwanza, kisha nikaifuta kwenye simu ili kupata nafasi. Haikuwamo kwenye nakala yoyote ya zamani. Kuanzia mabegani kwenda chini imekuwa ya kijani, na mstari mmoja wa nukta umehama kushoto. Uso umebaki mzima. Nimeihifadhi hivyo hivyo, mahali patatu.