Mashine ya randa na kiroba chekundu

Mwezi wa nane 2021 nilipokea mchezo kazini (ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu), milioni moja taslimu, na nyumbani ilishajulikana kabisa hiyo hela ni ya taizi za jikoni. Mi mwenyewe ndo nilisema. Ila kichwani nilikua nimebeba mashine ya randa, ile ya kulainisha mbao, kama miezi sita hivi, yaani mtu akitaja hela mi naona randa.

Nna kibanda cha useremala nyuma ya nyumba huku Kinyerezi, Dar, mabati juu zege chini. Sio fundi wa kazi, mi ni mtu wa ofisini, useremala ni wa jioni na jumamosi. Kilichokua kinaniua ni kuranda. Hizi mbao za paini zinazotoka Mafinga nyingi zimepasuliwa na dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, wanaozijua wanajua, ubao huohuo mmoja kichwani inchi moja na robo mkiani inchi moja kasoro, na umejaa mistari ya msumeno kama umekwanguliwa na paka. Kuuranda kwa mkono ubao wa futi 12 ni jumamosi nzima. Kuupeleka Buguruni kwenye mashine utafute kirikuu, ukae foleni, umeme ukatike ukiwa umebakiza mtu mmoja mbele yako, na kijana wa mashine apitishe mbao zako huku anaongea na simu, unarudi nyumbani na ubao una mabonde.

Sasa kuna jamaa alikua anauza used za Japani pale Gerezani, zile zinazoshuka na kontena pamoja na majenereta na mashine za kufyekea. Nilikua napita tu (uongo, nilienda kwa ajili hiyo) nikaiona Makita 2012NB imekaa juu ya meza, rangi imepauka, meza zake mbili zimekunjwa juu kama kobe aliyejificha. Upana inchi 12, visu viwili, uzito kilo 27 na ushee. Anataka laki tisa. Nikamwambia boss mi nna laki tano. Akacheka akaenda kunywa chai. Aliporudi tukavutana pale mpaka tukamalizana laki sita na nusu, nikamwambia kabla sijatoa hela niwashie niione.

Akainama chini ya meza akachomeka, akawasha, ikaunguruma vizuri kabisa, akapitisha kipande cha mbao kikatoka laini mpaka nikakipapasa na shavu. Hapo ndo akili ilipotoka. Kuinama na mimi nikaangalia amechomeka kwenye nini, wala.

Nikaileta na bajaji. Mama watoto alikua kwa dada yake na watoto, nikaona bahati, nikaiingiza bandani kimyakimya kama mtu anaficha mwizi. Plagi yake ilikua ile ya miguu miwili bapa, nikaikata, nikafunga ya miguu mitatu ya kwetu, tena nikaifunga vizuri kweli, nikajisikia fundi. Jioni wamerudi, wako ndani, nikasema ngoja nionje tu kidogo.

Aisee. Ule haukua mlio wa randa, ule ni mlio wa ndege inataka kupaa ndani ya kibanda. Mlio unapanda, unapanda tu, cheche za bluu zinatoka kwenye vitundu vya mota, harufu ya kuungua hiyo, nadhani ni sekunde mbili tatu ila mi nimeganda kidole hakijui swichi iko wapi, alafu breka ikashuka nyumba nzima giza. Kimya. Kutoka ndani nikasikia, "Wewe baba! Umefanya nini tena huko?"

Na alikua hajui kama kuna mashine.

Nikawasha tochi ya simu nikaizunguka nyuma, kuna kibati kidogo kimeandikwa 100V. Japani umeme wa majumbani ni volti 100, wa kwetu ni 230, yaani nimeimwagia zaidi ya mara mbili ya inachokunywa. Nikampigia jamaa. "Kaka, kwani hukuona nimechomeka kwenye transfoma?" Nikamwambia sikuona. "Si ipo hapa chini ya meza? Njoo uichukue basi, laki na themanini." Sijui nimlaumu vipi, kweli lilikuwepo boksi la kijivu chini ya meza, nililikumbuka hapohapo kwenye simu, nilidhani ni betri. Ila na yeye angefungua mdomo angepungukiwa nini.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikairudisha Gerezani kwa fundi mota. Akaifungua, akainamia akanusa (hawa watu wananusa mota kama mpishi ananusa mchuzi), akasema una bahati, waya haujaungua, zimeliwa kaboni tu, vile vipande vya kupitisha umeme kwenye mota. Akaweka nyingine. Ukipiga hesabu mashine, transfoma, fundi na bajaji za kwenda na kurudi ilikua laki nane na sabini na tano. Taizi zikawa zimeisha hivyo. Mazungumzo yaliyofuata na mama watoto siyaandiki.

Ila jumamosi yake jamani. Transfoma chini inanung'unika, mashine juu, ubao unaingia huku mchafu unatoka kule kama umeogeshwa. Nilipitisha kila kitu kilichokua kibandani. Paini zote, vipande vya masanduku, mpaka ubao wa kukatia nyama wa jikoni niliupitisha, ukatoka mpya, mama watoto akatabasamu kidogo akajizuia. Mwanzoni ilikua inang'ata vichwa vya ubao, kama vidole vinne hivi mwanzo na vidole vinne mwisho panakua na kishimo, baadae nikagundua ukiunyanyua kidogo mkia wakati unaingia, na kichwa wakati unamalizia kutoka, inapungua sana. Maranda nayo yanaruka kwa nyuma kama mvua, yalifika kwenye kamba ya nguo, kesi nyingine hiyo.

Basi kwa ule ulevi nikaenda kuzitoa mbao za mninga.

Zilikua mbao tano, inchi moja na nusu, nilizinunua mojamoja kwa miaka miwili nikawa nazilaza chini ya kitanda, nimemuahidi bi mkubwa wangu, yaani mama yangu, meza ya kulia chakula. Zilikua zimejinyonga kidogo, ubao mmoja hasa, lakini si ndo maana nimenunua mashine? Nikaupitisha ule. Ukatoka mzuri, rangi ile ya mninga ikajitokeza na harufu yake. Nikauweka mezani nikabonyeza pembe, toko. Nikabonyeza pembe ya pili, toko. Unatikisika. Nikasema bado haujafika, nikashusha milimita moja nikapitisha tena. Laini. Toko. Nikaugeuza upande wa pili, nikapitisha. Toko. Yaani nilikua nimekasirika sasa, napitisha tu, nageuza napitisha, maranda mekundu yamefika kwenye vifundo vya miguu, nikaja kupima na futi nakuta milimita 23. Nimeanza na 38! Na unatikisika vilevile, hata toko lenyewe halijapungua.

Kwenye mlango alikua amesimama mzee jirani yetu, fundi seremala mstaafu, ameshika randa toka enzi za Mwalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii kelele toka asubuhi unachonga jahazi?"

Nikamuonyesha. Hakuangalia hata mashine. Aliulaza ubao chini kwenye zege, akabonyeza pembe moja kwa kidole kimoja, akabonyeza nyingine, akacheka bila sauti. Akaniambia mashine yako haijui kunyoosha, inajua kunakili. Inaangalia tumbo la ubao lilivyo ndo inachonga mgongo ufanane nalo, na zile rola zinaukandamiza ubao ulale bapa, visu vinapita, ukitoka tu unarudi ulivyokua. "Sawasawa na kumnyoosha mtu mgongo kwa kumkalia. Ukinyanyuka na yeye anarudi kwenye kibiongo chake. Mpe kwanza tumbo lililonyooka. Randa yako iko wapi?"

Randa yangu ya mkono ilikua chini ya maboksi imepata kutu, nilishaipigia hesabu ya kuiuza. Akatuma mtoto kwake akaleta ya kwake, mwili wa mbao, mpini umeng'aa kwa mikono. Akachukua fito mbili zilizonyooka akalaza moja huku mwisho wa ubao wa pili wa mninga na nyingine kule mwisho, akachuchumaa akafumba jicho moja, akaniambia njoo uone. Nikachungulia. Fito zimepishana kama mkasi uliofunguliwa. "Basi hizo pembe mbili zilizo juu ndo adui yako, achana na kwingine kote." Na akanifundisha kuzipiga kwa mshazari, pembe kwa pembe, maana nyuzi za mninga zimepishana, ukienda nazo moja kwa moja bila kuzisoma inanyofoa vipande. Unapiga kidogo, unaweka fito, unachungulia. Yeye amekaa kwenye ndoo ya rangi anakunywa maji, mi jasho linanitoka masikioni. Ubao mmoja dakika 40 na kitu. Mikono inatetemeka, na lile vumbi lake linavyopigisha chafya.

Yani nimetoa hela ya taizi kukimbia randa ya mkono alafu nimesimama jua la saa nane naisukuma kuliko nilivyowahi kuisukuma maishani.

Fito zilipolingana nikaugeuza ule ubao, tumbo lililonyooka chini, nikauingiza kwenye mashine. Mara mbili tu. Nikaulaza kwenye zege nikabonyeza pembe. Kimya. Nikabonyeza nyingine. Kimya. Mzee na yeye akaja kubonyeza. Upande wa pili ambao yeye angeuranda lisaa lizima ulikua umetoka kwa muda wa kusema salamu, unene sawa kichwani mpaka mkiani. Hakusema kitu. Akakusanya fito zake akaondoka. Kesho yake jumapili saa mbili asubuhi geti linagongwa, ni yeye, na mbao tatu begani, za kwake, upande mmoja ameshaunyoosha kwa mkono.

Meza ya bi mkubwa ilitoka na mbao nne badala ya tano, kwa hiyo ni nyembamba kidogo, sahani za pembeni zinakaa kwa adabu. Ule wa milimita 23 niliukatakata nikautengenezea rafu ya viungo, iko jikoni ukutani, taizi zilikuja kuizunguka mwaka uliofuata.

Na maranda yote alibeba jirani wa nyumba ya tatu anayefuga kuku wa mayai, huwa anayatandaza bandani. Viroba vitatu, viwili vya paini na kimoja chekundu kitupu. Nilisimama getini nikakiangalia kile kiroba kinavyoondoka kichwani kwa kijana wake nikawa napiga hesabu ni hela ngapi mle ndani. Wiki iliyofuata akanisimamisha njiani.

"Jirani, yale mekundu hamna tena? Kuku wameyapenda kweli."